Roli Moja la Utepe

Jumamosi ile duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika watu. Mafundi bomba waligombea viungio, wachoraji mabango walibishana juu ya rangi, na mchonga funguo kwenye kona alirusha cheche zilizowafanya wateja wavute nguo zao pembeni. Afisa Mipango wa manispaa alipenya katikati yao bila kumgusa mtu. Alivaa gauni la kijivu lililonyooka kama rula, viatu vya ngozi visivyo na kisigino, na saa kubwa ya kiume aliyoachiwa na marehemu baba yake. Alikuwa amekuja kwa haja moja tu: utepe wa plastiki wa rangi ya machungwa. Roli moja ndilo lililosalia juu ya rafu. Akalinyoshea mkono, na mkono mwingine ukalifikia wakati uleule.

"Samahani, kaka. Hili nimeliona mimi kwanza."

"Macho yako yametangulia, dada, sikatai. Ila mkono wangu ndio uliofika."

Akageuka. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, shati jeupe la mikono mifupi limepigwa pasi mpaka likakata, miwani ya jua imening'inia kifuani.

"Mimi nina kazi ya manispaa," alisema kwa ukali aliouzoea.

"Na mimi nina kazi ya angani. Tukipanga kwa kimo, nimekuzidi."

"Angani utepe unaufunga wapi? Kwenye mawingu?"

"Hiyo siri ya marubani. Wewe unaufunga wapi?"

"Juu ya milingoti."

"Basi hata wewe unaelekea angani, ila polepole."

Foleni nyuma yao ilianza kunung'unika. Muuza duka, aliyekuwa amechoka tangu asubuhi, akawapokonya lile roli, akalifungua lote juu ya kaunta na kulikata kwa mkasi. "Nusu kwa nusu. Kama mnataka kuoana, mkaoane nje. Watu wanasubiri!"

Watu walicheka. Hata Afisa Mipango akacheka, jambo ambalo ofisini kwake lingeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Walipotoka nje, vumbi jepesi lilizunguka mlangoni, likainuka mpaka magotini, likaanguka. Rubani alilitazama kwa makini mno kuliko vumbi linavyostahili. Kisha akaomba namba ya simu.

Simu ya kwanza ilikuja Jumatatu.

"Nimekupigia kuhusu utepe, Bi Mipango."

"Umekwisha?"

"Haujakwisha. Haulali. Unauliza nusu yake iko wapi."

"Uambie nusu yake iko kazini, na ofisi za manispaa hazipokei wageni bila miadi."

"Basi naomba miadi."

Alizima simu huku akitabasamu peke yake mbele ya ramani, mpaka karani wa chumba cha pili akakohoa kwa makusudi.

Ramani ile ilikuwa ya uwanja mdogo wa ndege ulio nyuma ya mji: njia moja ya kurukia iliyolala toka kusini hadi kaskazini, jengo la abiria lenye benchi chache, kituo cha zimamoto, na nyasi. Madiwani walitaka mabanda ya ndege. Walikwisha kuona wenye ndege ndogo wakizipeleka kulala miji mingine, na wivu wa mji kwa mji ni kama wivu wa wake wenza. Kazi ya kupanga mabanda hayo alikabidhiwa yeye, nayo ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Kila asubuhi na kila alasiri alikwenda uwanjani kuutazama mfuko wa upepo, ule mfuko mrefu wa kitambaa chekundu na cheupe unaoning'inia juu ya mlingoti ili kuonyesha upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Kila alipoutazama, mfuko ulikuwa umelegea. Uwanja shwari, aliandika. Ndipo akaipanga safu ya mabanda upande wa magharibi, karibu na ncha ya kusini ambako ndege hutua, kwa kuwa barabara ilipita hapo hapo. Akasimamisha milingoti yenye urefu wa paa litakalojengwa, akaifunga utepe wa machungwa, ili madiwani waone kimo cha jengo kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Mapenzi nayo yaliota haraka kuliko mabanda. Walikutana kwenye mgahawa ulio mkabala na posta, yeye akiwa na mtandio wa zambarau ambao Rubani alimletea kutoka safari zake. Ni huko alikogundua kwamba Rubani alikuwa ameomba kiwanja cha banda tangu kabla hawajajuana.

Akaweka kikombe mezani. "Umeomba banda. Kwangu."

"Kwa manispaa, laazizi. Wewe nilikuwa sijakuomba bado."

"Mimi sitaki mtu aseme umepata kwa sababu ya kitu kingine. Kuanzia leo, habari za mabanda tuziache getini. Usiniulize, sitakuambia. Usinishauri, sitakusikiliza."

"Hata nikiona nyoka kwenye ramani yako?"

"Hata ukiona chatu."

Rubani akacheka, kisha akaona kwamba yeye hacheki. Akaketi wima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wa zamu. "Naapa."

Walikuwa watu waadilifu wote wawili, watu ambao neno likishatoka midomoni mwao halirudi kubadili nguo. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini kiapo ni kama kufuli: halichagui kati ya mwizi na mwenye nyumba.

Jioni moja, wakiwa ndani ya gari lake nje ya uzio wa uwanja, Rubani alitazama milingoti kwa muda mrefu. Tepe zilizo juu yake zilikuwa zikipigapiga. "Roho yangu," alisema taratibu, "ule upande wa magharibi..."

"Kepteni!"

"Basi. Nimekoma."

Na akakoma. Ulipoitishwa mkutano wa wananchi kwenye ukumbi wa manispaa, ramani ikatundikwa ukutani na Mwenyekiti wa baraza akauliza kama desturi, "Kuna mwenye neno?" Rubani alikuwa ameketi kiti cha nyuma kabisa, kofia yake ikiwa magotini. Afisa Mipango aliyaona macho yake, akaona koo lake likipanda na kushuka kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Akadhani ni fahari ya kumwona mpenzi wake amesimama mbele ya mji mzima. Hakuna aliyenyanyua mkono. Mpango ukapita.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo huo haupigi hodi siku unapozaliwa.

Vyuma vya banda la kwanza viliinuka, vikubwa na vyeusi, kama mbavu za mnyama aliyefia kwenye nyasi. Mahusiano yao nayo yaliinuka. Rubani akasema anataka kumwona mama mkwe ana kwa ana, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akipeleka dawa na barua kwenye mji alikoishi Mama, ikakubaliwa kwamba atamleta kwa ndege yake mwenyewe.

"Mwanangu," Mama alipiga simu kulalamika, "huyo mkwe hana basi?"

"Ana ndege, Mama."

"Nimesikia. Nauliza kama hana basi."

Siku ya safari Afisa Mipango alifika uwanjani mapema, kavaa gauni jeupe na ule mtandio wa zambarau. Mafundi walikuwa wakipigilia bati la mwisho kwenye paa la banda. Rubani alipoondoka siku chache kabla, paa lilikuwa bado wazi. Huko ncha ya kaskazini malori ya kokoto yalikuwa yakikatiza njia ya kurukia, na kwa hiyo ncha hiyo ilikuwa imefungwa kwa kibali alichokitia saini yeye mwenyewe. Hewa ilikuwa na joto zito. Akatembea kando ya uzio ili muda upite, akilitazama banda lake kwa furaha ya mtu aliyezaa.

Hapo ndipo alipouona utepe.

Kipande cha machungwa kilikuwa kimefungwa kwenye nguzo ya uzio, karibu na ncha ya kusini, kimepauka kwa jua. Hakikuwa chake, tepe zake zilishatolewa pamoja na milingoti. Kilikuwa kimenyooka mbele kama kidole cha mtu anayeshtaki, kikitetemeka na kupiga mluzi. Akainua macho kuutazama mfuko wa upepo ng'ambo ile. Mfuko ulikuwa umelala.

Alitazama huku, akatazama kule. Kwa mara ya kwanza aliona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yake siku zote: mlingoti wa mfuko ulisimama nyuma ya jengo la zimamoto, karibu na maua na bendera, mahali panapopendeza kwenye picha. Jengo liliukinga. Msimu mzima alikuwa amepima upepo mahali ambapo upepo haufiki. Na sasa upepo wa kweli ulikuwa ukivuma kutoka magharibi, ukipanda juu ya paa jipya la banda lake, na kuporomoka upande wa pili, juu ya njia ya kutua.

Akasikia mngurumo wa ndege.

Ilikuja kutoka kusini, ndogo, nyeupe, imenyooka. Ilipofika usawa wa banda ikadondoka ghafla kana kwamba mtu ameitoa ngazi chini ya miguu yake. Bawa la kushoto likainama mpaka karibu liguse nyasi. Injini ikapiga kelele. Ndege ikajinyanyua, ikapita juu ya kichwa chake ikiyumba, ikapanda tena na kugeuka.

Afisa Mipango alikimbia. Uwanja ulikuwa mdogo kiasi kwamba Meneja ndiye aliyeshika redio, naye alikuwa amesimama dirishani, kipaza sauti mkononi.

"Meneja, mwambie asitue tena kusini!"

"Shusha pumzi, Bi Mipango. Tazama mfuko. Upepo umelala."

"Mfuko unadanganya! Uko nyuma ya zimamoto!"

Meneja akamgeukia polepole. "Si ndio huo uliopimia wewe?"

Neno lile lilimwingia kama msumari. "Fungua kaskazini," alisema.

"Kaskazini kuna malori. Kwa kibali chako."

"Nimekifuta." Tayari alikuwa ameshampata msimamizi wa ujenzi kwenye simu. "Toa malori yote njiani. Sasa hivi! Kokoto zikimwagika acha zimwagike pembeni, malori yatoke!" Kisha akanyosha mkono, na Meneja, bila kujua kwa nini, akampa kipaza sauti.

"Kepteni, ni mimi."

Redio ikakwaruza. "Bi Mipango? Umehamia idara yangu?" Sauti ilikuwa nyembamba, imekaza.

"Tua kutoka kaskazini. Nayaondoa malori. Zunguka mpaka nikwambie."

"Nazunguka. Mama anauliza kama ndivyo ndege zote zinavyobisha hodi."

"Mwambie... mwambie nampenda."

"Nimwambie yeye peke yake?"

Aliyahesabu malori kwa macho, moja baada ya jingine, hadi la mwisho lilipojikokota nje ya njia. Vumbi lake lilikuwa bado hewani ndege iliposhuka kutoka kaskazini. Magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa tena. Tairi moja likapasuka. Ndege ikakokotwa ubavu kuelekea mtaroni, ikasimama ukingoni, pua yake ikichungulia shimo.

Mama alishuka akiwa ameshika pochi yake kwa mikono yote miwili. Hakulia. Alimkumbatia bintiye, akamwambia Rubani, "Ahsante, baba," kisha akaenda kuketi kwenye benchi la abiria, akawageuzia mgongo kwa hiari yake.

"Utepe ulio kwenye uzio ni wako," alisema Afisa Mipango.

"Ni wangu. Nilikuwa natafuta mahali pa kusoma upepo."

"Kwa hiyo ulijua mfuko unadanganya."

"Kila rubani anajua. Tunauita Balozi, kwa kuwa kazi yake ni kupendeza na kutosema lolote."

"Na ukaniacha nijenge!"

"Nilijua mfuko unadanganya. Sikujua kwamba wewe hujui. Nilidhani una vipimo vyako vingine. Nilipotaka kuuliza, ulinifunga mdomo."

"Na ukafungika! Mama yangu alikuwa ndani ya ndege hiyo!"

"Hata mimi nilikuwemo," alisema Rubani kwa upole.

Upole ule ulimuumiza kuliko tusi. Akavua mtandio wa zambarau, akauweka juu ya bawa. Upepo ukauchukua kabla yeyote hajaugusa, ukaupeleka juu, ukauzungusha nyuma ya paa la banda, ukautupa chini.

Rubani alipiga simu jioni ile, na siku zilizofuata. Simu ililia juu ya meza ya jikoni, mama na mwana wakiitazama kama mdudu.

"Pokea, au uizime," alisema Mama. "Chai yangu inatetemeka."

"Alininyamazia, Mama."

"Nani aliyemwapisha?"

Binti akaigeuza simu kifudifudi.

"Asiyetunza neno unamkataa. Anayetunza neno unamkataa. Sasa mwanangu, unataka nani? Mimi niliketi ubavuni mwake kule juu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na mdomo wake ulikuwa unanichekesha nisiogope. Huyo ndiye aliyekunyamazia. Na wewe nani alikunyamazisha usimuulize mtu anayeruka kila siku kwamba upepo unatoka wapi?"

"Nilitaka kutenda haki."

"Haki isiyouliza ni kiburi kilichovaa vizuri."

Baraza lilikutana wiki iliyofuata. Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Meneja alisoma taarifa yake: mfuko ulionyesha utulivu, rubani alitua kwa uzembe, inapendekezwa anyang'anywe ruhusa ya kutumia uwanja, na mabanda yaendelee kama yalivyopangwa. Madiwani waliitikia kwa vichwa. Ilikuwa taarifa nyepesi kubeba. Haikumwelemea mtu yeyote isipokuwa mmoja. Rubani aliketi kiti kilekile cha nyuma, kofia magotini. Hakumtazama.

"Kuna mwenye neno?" aliuliza Mwenyekiti.

Afisa Mipango alielewa wakati huo jinsi koo linavyojaa. Kunyamaza kungekuwa rahisi mno. Kazi yake ingebaki, jina lake lingebaki, na mwanamume mmoja angeruka kwenda mji mwingine. Halafu siku moja, mwingine asiyejua angekuja kutua kutoka kusini alasiri.

Akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, rubani hakukosea. Nilikosea mimi. Nilipima upepo nyuma ya ukuta. Lile banda linaumwaga upepo juu ya njia ya kutua, na likibaki litaua mtu. Naomba paa lishushwe kabla ya msimu wa pepo, na safu yote ihamie mashariki."

"Bi Mipango, unaelewa unachokisema? Mpango huu una saini yako."

"Ndiyo maana nakisema mimi."

Ukumbi ukavuma kama mzinga uliopigwa teke. Ndipo kiti cha nyuma kikakwaruza sakafu.

"Na mimi nina neno," alisema Rubani. "Siku ile uliuliza swali hilohilo, Mheshimiwa. Nilikuwepo, na neno nilikuwa nalo, nikalikalia. Mtu akiona nyoka, kiapo hakimzuii kupiga kelele. Kosa mlisambaze, lisimlalie peke yake."

Walijadili hadi saa ya kula ikapita. Mwishowe wakakubali: bati zitolewe, mabanda yahamie mashariki. Rubani aliachiwa ruhusa yake. Afisa Mipango alihamishiwa wilaya nyingine, mbali, kwa lugha ya adabu. Kuhusu mfuko wa upepo, ilisemwa kwamba utashughulikiwa baadaye.

Alipotoka nje, simu ikalia ndani ya mkoba. Safari hii aliipokea.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Maegesho. Nyuma ya gari la Mwenyekiti. Nakuona umevaa bluu."

"Kwa nini hunifuati hapa?"

"Naogopa. Kutua mahali pagumu ndiyo kazi yangu, lakini hapo uliposimama pamenishinda."

Akacheka huku machozi yakimtoka, akaanza kutembea bila kukata simu. "Kile kiapo nimekifuta, Kepteni. Kama kibali cha malori."

"Basi sikia nisilolisema. Ninauogopa uwanja huu. Ninakuogopa wewe ukikasirika. Na ninataka unioe."

"Mwanamke haoi."

"Wewe unaweka saini kila kitu. Sikuona tofauti."

"Nitakuoa basi. Kwa sharti moja: ukiona nyoka, useme. Hata nikiziba masikio."

"Hata ukiniziba mdomo," alijibu Rubani, na Afisa Mipango alikuwa ameshamfikia, na simu zote mbili zikaachwa zizungumze zenyewe.

Siku ya kuhama, pepo za msimu zilikuwa zimeanza. Rubani aliendesha gari kuelekea kwenye ndege yake, masanduku nyuma, Mama akiwa ametangulia kwa basi kwa uamuzi usiojadiliwa. Banda la magharibi lilisimama bila paa. Upepo ulipita kati ya vyuma vyake ukilia sauti ya chini, ndefu, isiyo na pumziko. Hakuna aliyependa kuisikiliza.

Walipokaribia kituo cha zimamoto, Afisa Mipango akashika usukani. "Simamisha."

Chini ya mlingoti alisimama kijana mwenye buti mpya na tai iliyofungwa vizuri. Alikuwa afisa aliyekuja kuchukua nafasi yake, ametumwa kupanga mabanda ya mashariki. Kichwa chake kilikuwa kimeinama nyuma. Juu yake mfuko mwekundu na mweupe ulikuwa umelala.

"Tutachelewa ndege," Rubani alisema, kisha akakumbuka. "Ndege ni yangu. Itasubiri."

Afisa Mipango alifungua mlango. Upepo ukampiga usoni, ukamvuruga nywele, ukamsukuma hatua mbili. Akainamisha kichwa na kutembea. Alipoingia nyuma ya lile jengo ukakatika ghafla, kama mlango uliofungwa kwa ndani, na pakawa kimya cha kupendeza sana.

Kijana akageuka, akatabasamu. "Shikamoo, dada. Uwanja wenu ni mtulivu kweli."

"Marahaba." Akamshika mkono wa shati, kwa nguvu kuliko alivyokusudia, na kuanza kumvuta kuelekea uzioni, ambako kipande cha utepe uliopauka kilikuwa kikipiga mluzi. "Njoo huku kwanza, mdogo wangu. Njoo upigwe."